Nafasi Nyeupe Katika Ramani ya Kiponda

Wapo wanaosema Kiponda aliuza kwao ili apande ndege. Waongo hao! Mimi namjua tangu anavaa kaptula ya viraka, na haya nisemayo alinieleza kwa kinywa chake. Hakuuza kitu. Alilolifanya ni jingine, na mimi naliona baya zaidi, maana mtu akiuza walau anajua kwamba ameuza.

Kwao ni upande wa baharini wa Tezo, kaskazini ya mji wa Kilifi. Boma la Kigiriama la nyumba tano za udongo, kisima kimoja, na minazi mingi ya kutosha kulisha walafi na wastaarabu pamoja. Babake alifariki Kiponda akiwa darasa la sita, akazikwa nyuma ya boma, alipolala babu yake na baba wa babu yake. Kijana akalelewa na mamake, Kahonzi, mwanamke mwembamba wa maneno machache, na baba mkubwa wake, mzee Gona, ambaye hata akiomba chumvi utadhani anaita ng'ombe waliopotea. Kahonzi alisuka makuti akauza, akasuka akauza, vidole vikaota sugu, mpaka mwanawe akaingia chuo kikuu Nairobi kusomea usanifu wa majengo. Mwaka wa themanini na nne akarudi Pwani na cheti chake. Boma zima likala wali siku hiyo.

Kazi akaipata Malindi, mtaa wa Shella, katika chumba kimoja cha ghorofani juu ya duka la vitambaa. Tajiri wake alikuwa Mtaliano, Bwana Tullio, mjenzi wa mahoteli, mtu wa kucheka sana na kuwashika watu mabega. Mle chumbani walikuwa wawili tu: Kiponda na Mwikali, binti wa Machakos aliyekuwa akinakili michoro na kuandika maandishi yake kwa wino, herufi zake zimenyooka kuliko za mashine.

Sasa mjue Kiponda alikuwa anataka nini, maana bila hilo hamtamwelewa. Hakutaka Ulaya ya kwenda kupigia picha kwenye theluji. Alitaka kujifunza biashara. "Chuoni walinifundisha kuchora nyumba," alikuwa akimwambia Mwikali kila siku ya Mungu, "hawakunifundisha kumpata mwenye nyumba." Hakujua kazi inaombwaje, bei inatajwaje bila mteja kukimbia, mafundi ishirini wanaendeshwaje na mtu mmoja. Alitaka kufungua ofisi yake mwenyewe hapa hapa Malindi, yenye kibao chake mlangoni, na Mwafrika mwenzake akitaka kujenga asimpigie magoti mgeni. Ndoto hiyo ilikuwa nzuri, na mimi simcheki.

Tullio aliijua ndoto hiyo, maana Kiponda hakuwa mtu wa kuficha. Siku moja akamshika bega. "Kaka yangu ana ofisi ya ujenzi Bergamo, Italia," akamwambia kwa Kiswahili chake cha kurukaruka. "Watu kumi na wawili. Wewe kaa pale mwaka mmoja. Ona kila kitu. Halafu rudi, fungua yako, mimi na wewe tufanye kazi pamoja."

Masikini, Kiponda hakulala kwa furaha! Akanunua kitabu cha Kitaliano, akawa anamsalimia Mwikali kwa Kitaliano asubuhi, mchana na jioni, mpaka binti wa watu akamwambia, "Ukifika huko usije ukasahau sima inasongwaje."

Wiki iliyofuata Tullio akaleta kazi. Alitaka mchoro wa eneo, unaoonyesha mahali palivyo kabla ya kujengwa lolote. Akafungua ramani ya serikali juu ya meza, akaweka kidole. Kiponda akatazama. Kidole kilikuwa juu ya boma lao.

"Hapa ni kwetu, bwana," akasema.

"Najua!" Tullio akacheka. "Ndiyo maana nakupa wewe. Nataka kujenga hoteli pale jirani. Lazima nijue majirani zangu. Hakuna mtu ataumia. Vijana watapata kazi."

Mimi ningeogopa. Hata Kiponda aliogopa, alikiri mwenyewe. Lakini akilini mwake Bergamo ilikuwa imeshajenga nyumba, na mtu akitaka kitu sana hujifundisha kutouliza. Hakuuliza mwenye hati ya ardhi ile ni nani. Wenyeji wa kule walikuwa wameishi tangu enzi za mababu bila karatasi, na karatasi ilikuwa kwa mtu wa Mombasa ambaye hakuna aliyepata kumwona. Hilo Kiponda alilijua tangu utotoni, ila siku ile hakutaka kulikumbuka.

Jumamosi akaenda Tezo na utepe wake wa kupimia. Akamwambia mamake ni kazi ya ofisini tu, na Kahonzi akaona fahari, akawa anamshikia ncha ya utepe. Walipima nyumba zote tano, kisima, choo, zizi, na mnazi mmoja mmoja. Mama anasimama kwenye mnazi, mwana anaandika, mama anahamia mwingine, jua linawachoma na wala hawasikii. Kiponda aliniambia kuwa ile ilikuwa siku ya mwisho ya raha kati yake na mamake.

Wakafika nyuma ya boma.

Hapo ndipo walipolala wazee. Vilisimama vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao wenye cheo, kijivu kwa uzee, vimeinama kidogo. Kando yake palikuwa na vijiti vifupi vya wale wasio na cheo, vimefungwa vitambaa, na kimoja kilikuwa cha babake Kiponda. Na kwao ilikuwa hivi: kijana hapimi pale, haandiki pale, wala hapachori, mpaka mzee wa boma amwage tembo la mnazi kwanza na kuwaeleza waliolala kinachotakiwa. Kahonzi alipoona wamefika, akaachia ncha ya utepe bila kuambiwa, akarudi nyuma.

"Nimwite Gona?" akauliza.

Kiponda akafikiri. Mkristo wa kubatizwa huyu, msomi wa chuo kikuu, na bado miguu ilimkatalia kuvuka. Basi amwite baba mkubwa? Amwite, Gona aje na kibuyu, halafu aulize kwa ile sauti yake, "Niwaambie wanapimiwa nini?" Na Kiponda hakuwa na jibu la kumpa. Hakuwa nalo kwa sababu yeye mwenyewe hakuuliza.

"La, mama. Pale tupaache," akasema, na kuukunja utepe.

Ofisini akachora. Mchoro ulikuwa safi, wa kutia mtu wivu. Kila mnazi kiduara chake, kila nyumba na pembe zake. Na nyuma ya boma akaacha nafasi nyeupe, hatua thelathini kwa ishirini, haina hata nukta. Moyoni alijiambia kwamba ameiheshimu desturi.

Tullio alipoupokea aliutazama muda mrefu, kisha kidole kikatua pale pale penye weupe. "Na hapa? Mbona hakuna kitu?"

Laiti angesema nimesahau! Laiti angesema vichaka! Lakini Kiponda alikuwa kijana mwenye kujivunia kwao, akamweleza yote. Kwamba hapo wamelala wazee, kwamba kuna vigango, kwamba sisi hatupachori bila kuwaomba ruhusa wenyewe. Tullio alisikiliza kwa heshima, ametulia, hachekicheki. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Vizuri sana. Iache hivyo hivyo." Kisha akaomba nakala tisa.

Nakala tisa, jamani! Hata hoteli ya ghorofa hupelekwa nakala tatu. Mwikali ndiye aliyeshtuka. Alikuwa amepewa kikaratasi chenye maneno ya kuandika pembeni mwa mchoro, naye akaja nacho hadi kwenye meza ya Kiponda, uso umemkunjamana.

"Hebu soma," akamwambia. "'Nathibitisha kwamba mchoro huu unaonyesha kila kitu kilichopo katika eneo hili.' Halafu chini jina lako na sahihi. Tangu lini ramani ya hoteli inaapishwa?"

"Ni mambo ya kiofisi tu, Mwikali."

"Nimeandika ramani hapa miaka mitatu. Sijaandika kiapo hata kimoja." Akapunguza sauti. "Na si kila kitu kimo. Uliniambia mwenyewe."

Kiponda akakasirika, na alikasirika kwa sababu binti amesema kweli. Akamwambia aandike alichopewa. Mwikali akaandika, herufi zimenyooka kama kawaida yake, na siku nzima hakumsemesha tena. Jioni Kiponda akatia sahihi mara tisa. Kesho yake barua ya mwaliko kutoka Bergamo ikawa juu ya meza yake, na kabla ya mwezi kwisha pasipoti nayo ikatoka, wakati ule ambapo watu walizungushwa mwaka mzima kuipata. Alipoishika, aliniambia, hakujua kama anafurahi.

Mwezi uliofuata Gona akaja Malindi. Mzee yule hakuwahi kupanda ngazi zile za Shella, na siku hiyo alizipanda akipapasa ukuta, maana macho yalikuwa yameingia ukungu. Kiponda akainuka.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ndogo. Gona mwenye sauti ndogo! Hapo Kiponda akajua pana msiba. "Vigango vimeng'olewa, mwanangu. Vyote. Hata kijiti cha babako. Tumeamka tukakuta mashimo."

Miaka ile vigango viliibwa sana, vikauziwa wageni wakaweka sebuleni kwao, kwa hiyo Kiponda akawataja wezi wa kila siku, akawalaani, akampa mzee maji. Mwikali alisubiri mpaka Gona ateremke. Kisha akauliza kwa upole, "Kiponda, kuna mtu yeyote uliyemweleza viko wapi?"

"Hakuna," Kiponda akasema. Halafu akakaa chini. Alikuwa amemkumbuka Tullio na kidole chake juu ya ule weupe, na alikaa hivyo mpaka ofisi ikafungwa.

Siku nne baadaye likaja trekta. Waliokuja nalo walisema wametumwa kufyeka vichaka ili wapimaji wa serikali waone njia, na lilifyeka nyuma ya boma la akina Kiponda peke yake. Liling'oa vichaka, likang'oa visiki, likapindua udongo na kuusawazisha. Kahonzi alisimama mbele yake akipiga kelele mpaka akashikwa na kuwekwa kando. Lilipoondoka, pale nyuma palikuwa pekundu na laini, shamba lililosubiri mbegu. Ndipo barua ikaja: mwenye hati ameuza ardhi, afisa atafika kusikiliza wanaodai kuwa wakaazi wa asili.

Afisa akaketi katika darasa la shule ya msingi, asubuhi, watu wamejaa mpaka madirishani. Masharti yake aliyataja wazi, na hata mimi siwezi kusema yalikuwa ya uonevu. Nyumba ya udongo, alisema, yaweza kujengwa kwa wiki mbili, na mnazi hata mpangaji aweza kuupanda. Lakini mpangaji hamziki babu yake katika shamba la mtu mwingine. Mwenye makaburi ya wazee atakatiwa sehemu yake na kupewa hati. Asiye nayo atalipwa thamani ya minazi yake na kuondoka.

Gona akasimama, akataja majina ya waliolala pale, vizazi vitatu, mmoja baada ya mwingine bila kukwama. Afisa akasikiliza, kisha akakunjua karatasi mezani.

"Mzee, mimi nimekwenda pale. Nimeona udongo mtupu. Nikasema labda macho yangu. Lakini nina ramani hapa, imechorwa kabla ya trekta, na aliyeichora ni mtaalamu, tena mtoto wenu." Akainua uso. "Yuko wapi Kiponda?"

Kiponda akasimama. Tullio alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mkoba wa ngozi magotini. Hakumtisha, hakumkonyeza. Tiketi ilikuwa mle mkobani, ya Ijumaa, na wote wawili walijua.

"Ramani hii ni yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Na maneno haya, kwamba inaonyesha kila kitu. Sahihi ni yako?"

"Yangu."

"Basi nionyeshe makaburi."

Kiponda akaitazama ile nafasi nyeupe. Gona hakuweza kuvumilia. "Mwambie, mwanangu!" akanguruma. "Mwambie kwa nini hukupachora! Desturi yetu mwambie!"

Na angeweza. Maneno yalikuwa mafupi: bwana, makaburi yalikuwapo, niliyaacha kwa heshima, na mtu wa kwanza niliyemwambia yaliko ni yule aliyeketi kule nyuma. Ni pumzi moja tu! Angesema, labda afisa angeahirisha, labda angemtuma mtu kuchimba na kutazama. Lakini angesema pia kwamba kiapo chake ni cha uongo, na msanifu mwenye kiapo cha uongo nani atampa kazi, Bergamo au Malindi? Kibao chake cha mlangoni kilikuwa kimesimama mbele ya macho yake, alikiona kabisa, na nyuma yake kila kitu kikawa giza.

"Sina la kuongeza, bwana," akasema.

Hapo mimi siwezi kumtetea. Nimejaribu miaka mingi, siwezi.

Afisa akaandika. Wakapewa mpaka mwisho wa mwezi kuhama. Gona akatoka akipapasa watu, hakutaka kushikwa mkono. Watu wakamgeukia Kiponda kwa macho ya kummeza mzima, na aliyemwokoa ni mamake. Kahonzi akasimama kati yao na yeye akasema, "Mwacheni. Mtoto aliogopa. Hata mimi maofisi haya yananitisha." Aliamini hivyo, na aliwaeleza hivyo wote waliopita bomani kumpa pole.

Alhamisi Kiponda akaenda kuaga. Alidhani atakuta mlango umefungwa. Alikuta mamake na Gona wamesimama nyuma ya boma ukingoni mwa ule udongo mwekundu, wanamngoja yeye. Kahonzi alikuwa na kipande cha bafta mpya mkononi, kile kitambaa cheupe cha pamba.

"Tunakwenda kukaa kwa wajomba zako, bara kule," mamake akasema. "Siwezi kumwacha babako peke yake. Tutachukua udongo wa kaburi lake, tumsimamishie kijiti kipya huko. Lakini hapa sasa sipatambui. Kile kichaka kilichokuwa kichwani pake kimeng'olewa. Na Gona haoni."

"Wewe ndiwe mwenye vipimo," Gona akasema. Hasira ilikuwa imemwisha, au alikuwa ameiweka kando kwa siku hiyo. "Tembo ninalo. Tuonyeshe."

Kiponda akatoa utepe. Akatoa na ramani, akaitandaza juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kisima kilikuwapo, nyumba zilikuwapo, minazi ilikuwapo. Akapima kutoka kisimani, akapima kutoka pembe ya nyumba ya mamake, akazipata pembe nne za ile nafasi nyeupe bila kukosea hata kidole. Hatua thelathini kwa ishirini. Na ndani yake, udongo ulikuwa mmoja kotekote, mwekundu, laini, hauna alama. Angeweza kusema babake yuko mahali fulani humu ndani. Zaidi ya hapo hakujua lolote, wala hakuna mtu mwingine duniani aliyejua.

Mamake alikuwa akimtazama. "Ulipima vyote, mwanangu. Nilikushikia utepe mwenyewe. Hapa napo ulirudi ukapima, sivyo?"

Aliniambia alifungua mdomo kusema hapana. Akaona ile bafta.

"Nilipima, mama," akasema.

Akavuta utepe, akatembea kuelekea katikati, akainama kana kwamba anasoma nambari, akasogea hatua mbili kushoto, akasogea nusu hatua mbele. Kisha akakanyaga kwa kisigino. "Hapa."

Gona akaja polepole akifuata sauti, akamwaga tembo pale penye kisigino. Akamwita ndugu yake kwa jina mara tatu, kwa sauti ile yake ya zamani iliyorudi ghafla, akamwambia asiogope, wanamhamisha, na aliyewaonyesha alipo ni mwanawe msomi. Kahonzi akapiga magoti. Akachota udongo kwa mikono miwili, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaumimina katika bafta na kuifunga fundo, kisha fundo la pili. Akaupakata.

Alipoinua uso alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ya trekta.

"Ahsante, baba," akamwambia mwanawe. "Sasa naweza kuhama. Nenda salama, kajifunze hiyo kazi yako."